Dawa ya Ng'ombe kwa Ngassa

Saa nne asubuhi, Jumanne moja katikati ya Februari, pikipiki ilikata kona ikaingia uwanja wa zahanati na haikusimama mpaka ilipofika barazani. Ilikuwa imebeba watu watatu. Mbele alikaa dereva, nyuma mwanamke aliyekuwa akiita watu kwa sauti iliyokwisha kukauka, na katikati yao mwanaume aliyelalia mgongo wa dereva, mikono ikining'inia. Akina mama waliokuja kupima watoto uzito walisimama wote.

Asteria alitoka chumbani na kalamu yake mkononi. Kijiji kizima, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Didia, kilimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha kwamba yeye ni tabibu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Runzewe, Msumbwa kwa baba na mama, akalelewa na mama aliyewapikia wachimbaji wadogo kule Bulyanhulu, na kazi hii ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Katika miaka miwili hapo alikuwa amezalisha, ameshona vidonda vya mapanga, ametibu malaria isiyohesabika. Kitu kama kile alichokiona barazani alikuwa amekisoma tu.

Povu jeupe lilimtoka mwanaume mdomoni na puani bila kukoma. Machozi yalimtiririka, jasho lilimlowesha kama aliyetolewa kisimani, na suruali yake ilinuka kwa kuwa alijiharia. Chini ya ngozi ya mashavu na mikono, misuli ilikuwa ikichezacheza yenyewe. Alipumua kwa sauti ya mtu anayevuta uji kwa mrija.

"Anaitwa nani?"

"Ngassa. Mume wangu," alisema yule mwanamke. "Mimi Mageni. Daktari, alitoka mzima! Alitoka mzima saa kumi na mbili!"

"Alikwenda wapi?"

"Kunyunyizia pamba. Bomba linavuja, linamwagikia mgongoni, nimemwambia tangu juzi. Nikamkuta amekaa kwenye tuta anatapika, hanitambui."

Asteria alimfunua kope. Mboni zilikuwa zimebana zikawa kama ncha ya pini. Alipoinama karibu zaidi alisikia harufu kali kama ya kitunguu saumu ikitoka kwenye shati lenye maji. Akashika mkono, akatazama saa. Mapigo arobaini na sita.

"Dawa gani alitumia?"

"Sijui jina. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, alinunua gulioni. Walimwambia hii ni kali, funza hawabaki."

Asteria alijua ni sumu ya aina gani. Chuoni alikuwa amerudia mtihani mmoja tu, wa biokemia, na swali lililomwangusha lilikuwa la hidrolisisi. Mwalimu wake, Bartholomeo, mtu mpole mwenye suruali fupi kuliko miguu yake, alimweka ofisini wiki mbili akimfundisha upya kwa chaki na subira. Hidrolisisi ni kuvunja kitu kwa kutumia maji, alimwambia. Ugali na nyama unavyokula vinavunjwa hivyo tumboni, na vinavyofanya kazi hiyo ni vimeng'enya, yaani protini zilizokunjwa kwa umbo maalumu, kila moja na kazi yake. Kisha alimchorea neva na msuli. Neva ikitaka msuli ufanye kazi humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Msuli ukishapokea amri, kimeng'enya kinaikamata kemikali ile, kinaivunja kwa maji, na msuli unapumzika. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Zipo sumu za wadudu, Bartholomeo alisema huku akigonga ubao, zinazoingia kwenye mdomo wa protini hiyo na kunasa. Maji hayawezi tena kufanya kazi pale. Kemikali inajaa, na mwili mzima unaendelea kuamriwa: toa mate, toa jasho, kaza misuli, punguza moyo. Mdudu hufa hivyo. Na mtu hufa hivyo pia, amezama katika mate yake mwenyewe.

"Hosiana!" aliita. "Glovu, mikasi, ndoo ya maji na sabuni ya mche. Atropini yote iliyopo kabatini."

Hosiana, muuguzi, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Wakati huohuo baiskeli iliangushwa ukutani. Aliyeshuka ni Magesa, kaka mkubwa wa Ngassa, mrefu, kifua wazi, mkononi ameshika galoni ya maziwa. Hakusalimia mtu.

"Mkalisheni," alisema. "Anywe haya. Maziwa yanakata sumu."

"Hapana, kaka," Asteria alisema akiwa amepiga magoti. "Hawezi kumeza. Ukimnywesha yataingia mapafuni, utamuua hapa hapa."

"Baba yetu alikunywa akapona. Wewe binti umeona watu wangapi wa sumu?"

Jibu la swali lile lilikuwa sifuri, na Asteria alilijua. Akasema, "Weka galoni chini, unishikie huyu alale ubavu. Nguvu zako nazihitaji kuliko maziwa yako."

Magesa alibaki ameishika galoni. Ngassa akatoa sauti ya kukoroma, midomo ikaanza kubadilika rangi, na kaka yake akaweka galoni chini akapiga magoti.

Walimlaza ubavu wa kushoto. Zahanati haikuwa na mashine ya kuvuta ute ya watu wazima. Kilichokuwepo ni kibofu kidogo cha mpira cha kuwavutia watoto wachanga puani. Asteria alikitumia hichohicho, akibonyeza na kumwaga, akibonyeza na kumwaga, povu likirudi kila alipolitoa. Hosiana alikata shati kwa mikasi. Alipofika kwenye suruali Mageni alimshika mkono.

"Mbele ya shemeji yangu? Mbele ya wanawake wote hawa?"

"Mayo, mama, nguo hii ndiyo inayoendelea kumuua," Hosiana alimjibu kwa Kisukuma, kisha akakata. Wale akina mama wa foleni, bila kuambiwa, walivua khanga zao wakasimama wamezishika kuzunguka baraza, migongo ikiwa upande wa mgonjwa.

Atropini zilikuwa ampuli saba, vichupa vya kioo vya sindano, miligramu moja kila kimoja.

Asteria alijua kipimo kwa moyo: anza na mbili, subiri dakika tano, kama kifua bado kina maji ongeza maradufu, endelea hivyo mpaka mapafu yakauke. Alijua pia kwamba atropini haimtoi adui kwenye protini iliyonaswa. Inachofanya ni kuziba njia ambazo amri inapita kwenda kwenye tezi na moyo, ili mgonjwa apumue wakati mwili unajitafutia njia. Alidunga mbili. Hosiana akatazama saa. Dakika tano zilikwenda Magesa akimmwagia mdogo wake maji ya sabuni mgongoni kwa kikombe. Kifua kilikuwa bado kinachemka. Alidunga nne.

Mbili na nne ni sita. Imebaki moja, na kipimo kinachofuata ni nane.

Alipiga simu hospitali mjini Shinyanga kuomba gari. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kata nyingine kumchukua mama mjamzito, wakamwambia, litafika baada ya saa mbili, labda na zaidi. Alikata simu, akaitazama ile ampuli moja kwenye sinia. Mapigo hamsini na mbili. Povu limepungua kidogo, lakini alipoweka kipimo cha kusikilizia kifua masikioni alisikia maji kila pembe ya kifua.

Hapo ndipo alipomkumbuka Marwa.

Marwa alikuwa afisa mifugo wa kata, Mkurya mwenye pikipiki kuukuu na jokofu dogo la sola lililojaa chanjo za ng'ombe. Mwaka uliopita ndama kadhaa walikunywa maji ya josho, yenye sumu ya kuua kupe, na Asteria alikuwa amesikia watu wakisimulia jinsi alivyowachoma sindano mpaka wakasimama. Kwa kawaida alimwamkia kila walipokutana, maana alikuwa na umri wa mjomba wake. Siku hiyo alipompigia simu hakukumbuka.

"Mzee Marwa, ile dawa uliyowachoma ndama wa josho ni atropini?"

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Unayo?"

"Nina chupa moja haijafunguliwa. Lakini hiyo ni ya ng'ombe, Asteria."

"Najua. Ina nguvu kiasi gani?"

"Sikumbuki kichwani. Nakuja nayo."

Alikuwa kata hiyohiyo, dakika ishirini kwa mwendo wake. Asteria alirudi kupiga magoti kando ya Ngassa. Ndipo Hosiana alipomgusa bega na kumwonyesha kwa macho.

Mageni alikuwa ameketi ukutani, amejishika tumbo. Jasho lilimtoka usoni ingawa alikuwa kivulini, na alikuwa akitema mate kila mara, akijifuta kwa nyuma ya mkono. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa. Njia yote kutoka shambani alikuwa amemkumbatia mumewe mgongo kwa kifua, shati lile bichi likimbana.

"Mama, nitazame," Asteria alisema. Mboni zake zilikuwa zimeanza kubana.

"Kichwa tu kinaniuma," Mageni alisema. "Mshughulikie huyo."

"Hosiana, mpeleke ndani umvue kila kitu. Msugue kwa sabuni, nywele pia, na maji mengi. Sumu hii maji ya sabuni yanaivunja, lakini inataka kusuguliwa."

Maji yaleyale ambayo sumu ilikuwa imeyazuia ndani ya mwili, hapa nje ya ngozi yangeweza kuivunja sumu yenyewe, kidogokidogo, yakisaidiwa na ukali wa sabuni. Bartholomeo alikuwa amelisema na hilo. Asteria hakuwa na nafasi ya kulifurahia. Alikuwa na ampuli moja na wagonjwa wawili.

Alimtazama Mageni akitembea kuelekea chumba cha kuzalishia. Alitembea mwenyewe, alizungumza, kifua chake kilikuwa kikavu bado. Ngassa alikuwa akipumua mara nane kwa dakika. Asteria aliivunja shingo ampuli ya mwisho akaidunga kwenye mshipa wa Ngassa. Iwapo Mageni angezidiwa kabla Marwa hajafika, Asteria angekuwa amechagua vibaya, na angeishi akijua hivyo.

"Umempa?" Magesa aliuliza.

"Nimempa."

"Na shemeji?"

"Shemeji anaoshwa."

Magesa aliutazama mlango wa chumba, akamtazama mdogo wake, akaendelea kumwaga maji. Baada ya kitambo alianza kuhesabu pumzi za Ngassa kwa sauti, kwa Kisukuma, na kila alipochelewa kusema namba inayofuata Asteria alikitazama kifua. Mara mbili ilibidi amwekee Ngassa barakoa na kumpulizia hewa kwa mfuko wa kubonyeza kwa mkono.

Marwa alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatoa kwenye koti kichupa cha mililita hamsini kilichochorwa kichwa cha ng'ombe na farasi. Asteria alikitazama tarehe ya mwisho kwanza: bado miezi miwili. Kisha akatafuta nguvu ya dawa. Hapakuwa na miligramu. Palikuwa na maneno matatu: myeyusho wa asilimia moja, kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo kama chawa.

"Wewe huwa unachoma kiasi gani?" alimwuliza Marwa.

"Natazama ndama, nakadiria. Ng'ombe hana mambo mengi."

Asteria aliandika kwenye kiganja chake. Asilimia moja ni gramu moja ndani ya mililita mia. Gramu moja ni miligramu elfu. Elfu gawanya kwa mia ni kumi. Miligramu kumi katika kila mililita, mara kumi ya ampuli zake. Kama angevuta mililita nane kwa mazoea, angemdunga themanini. Alirudia hesabu toka mwanzo. Akamwita Hosiana, ambaye alitoka na mikono yenye povu la sabuni, akampa kichupa bila kumwambia jibu lake.

"Nataka miligramu nane. Nivute ngapi?"

Hosiana alisoma, midomo ikisogea. "Pointi nane. Hata mililita moja haifiki."

"Na mimi nimepata hivyo."

"Mtu atauliza kwa nini umemchoma mtu dawa ya ng'ombe," Marwa alisema taratibu, bila lawama.

"Aulize," Asteria alisema, akavuta pointi nane.

Dakika tano. Kifua kilianza kusikika tofauti. Maji yalikuwa yamebaki chini tu, nyuma. Mapigo sabini na nne. Akadunga nne tena. Walisubiri, wote wanne wakiangalia mbavu za mtu mmoja. Povu likakoma. Ngozi ikaanza kukauka, na Asteria alipoweka kipimo masikioni alisikia hewa inaingia safi, kulia na kushoto, kama inavyoingia kwa mtu yeyote aliyelala usingizi. Akabaki ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mageni alipata pointi moja tu ya kichupa kile, miligramu moja, na mate yakamkauka. Alikaa kitandani amevaa khanga ya mama mmoja wa foleni, akiuliza habari za mumewe kila dakika.

Hofu ilirudi mara moja tu kabla ya gari kufika. Ngassa alifumbua macho, uso wa moto, moyo mia na ishirini na nane, akaanza kuokota vitu visivyokuwepo hewani na kuwafokea ng'ombe watoke kwenye pamba. Magesa alimgeukia Asteria kwa macho makali. "Umemtia wazimu!"

"Ni dawa imezidi kidogo. Sasa sitaongeza. Mshike tu asianguke." Alisema hivyo kwa sauti tulivu, huku ndani akijiuliza kama kidogo ni kweli kidogo. Baada ya nusu saa Ngassa alinyamaza, akalala, mapigo yakashuka mpaka mia na nne.

Gari lilifika saa nane kasoro. Asteria alimkabidhi mganga aliyekuja nalo karatasi yenye kila kipimo na saa yake, na chini kabisa aliandika bila kuficha: kuanzia kipimo cha nne, dawa ya mifugo, asilimia moja. Akatia sahihi.

Siku ya tatu alipigiwa simu. Ngassa alikuwa hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Shingo ilikuwa imelegea na pumzi zikawa fupi tena, ingawa mate hayakurudi. Asteria alilijua hilo pia, kwamba baada ya dhoruba ya kwanza misuli iliyoamriwa kupita kiasi huweza kuchoka na kugoma. Walimweka kwenye mashine ya kupumulia siku tano. Siku hizo Asteria hakula vizuri, na Magesa alifika zahanati kila asubuhi, akakaa kwenye benchi, kisha akaondoka. Siku ya tano ya mashine alikuja mapema zaidi, akasimama mlangoni akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, daktari."

"Mwangaluka, kaka."

"Wamemtoa mashine. Ameomba uji." Akapiga hatua kuondoka, akarudi. "Wabeja. Asante," alisema mwishoni, akaenda.

Barua kutoka wilayani ilifika wiki hiyohiyo. Asteria alitakiwa kueleza kwa nini alitumia dawa ya mifugo. Alieleza kwa kurasa mbili, na Marwa akaongeza yake bila kuombwa. Walimwita, wakamwuliza maswali kwa saa nzima, mengine ya haki kabisa. Kwa nini hakumtafuta mganga wa hospitali kwa simu kabla ya kuitumia? Alijibu ukweli, kwamba hakufikiria. Waliandika hilo kwenye faili lake, na kwenye gari lililomrudisha walipakia boksi mbili za atropini.

Ngassa alirudi mwishoni mwa Machi, amekonda, akitembea kwa kupumzika. Siku ya pili Asteria alisikia kwamba ameonekana dukani akitafuta bomba la kukodi. Alimfuata kwa miguu mpaka shambani. Alimkuta amesimama kati ya mistari ya pamba, vitumba vingi vimetobolewa, Mageni akiwa pembeni amekunja mikono.

"Shikamoo, daktari," Ngassa alisema, ingawa alimzidi umri kwa miaka sita.

"Usiniamkie. Unataka kunyunyizia?"

"Zimebaki wiki chache tuvune. Funza wamekula nusu. Safari hii nitavaa koti."

"Ngassa, sikiliza. Ile protini iliyonaswa mwilini mwako haikufunguka. Imekufa. Mwili unajenga nyingine mpya, kidogo kila siku, na hujamaliza. Siku ile ulihitaji sumu ya bomba zima ili uanguke. Leo hata harufu inaweza kutosha."

"Mpaka lini?"

"Miezi mitatu tangu siku ile, nikupime kwanza."

"Pamba haisubiri miezi mitatu."

"Najua haisubiri."

Ngassa aligeukia shamba lake. Asteria aliona kwamba hakumwamini, au alimwamini na akaona haisaidii kitu. 

"Mimi nilimbeba kifuani," Mageni alisema, akimwambia Asteria lakini kwa ajili ya mumewe. "Sitambeba mara ya pili. Akitaka kunyunyizia, na ajibebe."

Ngassa alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akainama, akachuma kitumba kilichotobolewa, akakipasua kwa kidole gumba, akamtoa funza na kumkanyaga. Akachuma kingine. Mageni aliingia mstari wa pili akaanza naye. Ilikuwa kazi ya kuchelewa, na shamba lilikuwa kubwa. Wasingeokoa hata robo ya kilichobaki. Asteria aliangalia saa, akajua kuna wagonjwa barazani wanamsubiri, akakunja mikono ya gauni lake akaingia mstari wa tatu mpaka jua lilipowazidi.